Fuso Kongwe na Oili Yake

Swali la oili gani inaifaa injini iliyotembea sana huulizwa dukani, kwenye kaunta ya spea, na muuzaji hujibu bila kufikiri sana: weka nzito. Jibu hilo limezoeleka kuanzia Tunduma hadi Dar es Salaam, na lina chembe ya ukweli, ndiyo maana limedumu. Lakini muuzaji hajaiona injini. Hajaisikia ikiwashwa alfajiri, hajui moshi wake una rangi gani, wala dereva huongeza lita ngapi njiani. Fundi wa kweli hulijibu swali hilo mwishoni kabisa, baada ya kazi ambayo tajiri wa gari mara nyingi haioni na hailipii ipasavyo. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu, kwa sababu chakula tunachonunua sokoni kinategemea malori ambayo yangekuwa chuma chakavu zamani kama si watu hawa.

Makambako ni mahali pazuri pa kuitazama kazi hiyo. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakutana pale na ile inayotoka Songea na Njombe, reli ya TAZARA inapita hapo hapo, na baridi ya Juni na Julai inauma kweli. Malori ya viazi, mbao na mahindi husimama usiku kucha, na gereji zake nyingi ni uwanja wa vumbi, mti mmoja, kontena la vifaa na magogo ya kuwekea ekseli. Gari linaloonekana zaidi ni Fuso la zamani, lile la injini ya 6D16: silinda sita, sentimita za ujazo 7,545, haina tabo, haina kompyuta, pampu yake ya dizeli imesimama ubavuni ikiwa na bomba moja kwa kila nozeli. Mengi yalifika nchini yakiwa yameshatumika. Saa ya kilomita ilisimama miaka mingi iliyopita na hakuna anayejua injini imekwenda umbali gani. Umri hauwezi kumwongoza fundi. Inambidi aisome injini yenyewe.

Fundi ninayemfikiria ana mvi, na vijana wake humwita Mzee tu. Tajiri akimpigia simu kuuliza aweke oili gani, jibu lake huwa moja: lete gari, lilale hapa. Anataka kuikuta injini asubuhi, ikiwa baridi kabisa, kabla mtu hajagusa swichi. Injini iliyotoka kutembea inaficha mambo, kwa kuwa kila kitu kimetanuka kwa joto na kimekaa sawa.

Kabla ya kufungua boneti anamhoji dereva, na mahojiano hayo ni nusu ya kazi.

“Mpaka Dar na kurudi unaongeza oili kiasi gani?”

“Kama lita tatu hivi, Mzee.”

“Hivi ni ngapi?”

Dereva hana jibu, na si kosa lake, maana oili ya kuongeza hutoka kwenye dumu lisilo na alama na humiminwa na utingo gizani. Mzee anamkabidhi utingo chupa ya lita moja yenye mistari ya kipimo na daftari dogo. Kuanzia safari hiyo kila tone litaandikwa: wapi, baada ya mteremko au mlima, gari likiwa na mzigo au tupu. Njia yenyewe inafundisha. Kutoka Makambako viazi huteremka Kitonga kwenda Dar, na Fuso hurudi likiwa na saruji au bidhaa za dukani, likiupanda mlima huo huo kwa gia ndogo, joto likiwa juu na upepo wa mwendo haupo. Injini inayokula oili wakati wa kupanda Kitonga ina ugonjwa tofauti na ile inayokula mahali pote sawasawa. Na viazi vya lumbesa havisaidii chochote, kwa sababu gunia lililovikwa kofia halionekani kwenye hati ya mzigo, ila kwenye pistoni linaonekana.

Kisha anachomoa kijiti cha kupimia. Wengi wetu tukikichomoa tunatazama alama moja tu, ya chini, tukiogopa oili imepungua. Mzee anaogopa zaidi oili iliyozidi. Kama hakuna aliyeongeza na kiwango kimepanda juu ya alama, kuna kitu kimeingia, na kwenye injini hii mshukiwa wa kwanza ni dizeli. Pampu ya dizeli ya aina hii inalainishwa na oili ile ile ya injini. Vibomba vyake vya ndani vikilika, dizeli inateleza polepole kuingia kwenye oili. Anaikaribisha pua, ananusa, kisha anaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, akiviachanisha aone uzi wa oili unakatika mapema au unavutika. Oili yenye dizeli haivutiki. Injini ya namna hiyo ukiiwekea oili nzito kuliko zote sokoni, kwa wiki mbili itaonekana imepona, halafu dizeli itaifanya nyepesi tena. Dawa yake iko kwa fundi wa pampu.

Weusi wa oili haumshughulishi hata kidogo, na hapa huwa anawasahihisha wateja kwa upole. Oili ya dizeli inapaswa kuwa nyeusi. Ndani yake kuna kemikali zinazoyashika masizi na kuyaweka yakielea, yasigandane wala kutulia chini. Oili inayobaki safi na ya kung'aa kwenye injini kongwe ya dizeli baada ya kilomita elfu mbili imeyaacha masizi mahali fulani, na mahali hapo ni ndani ya injini. Rangi anayoihofia ni ya maziwa au ya chai iliyotiwa maziwa, maana hayo ni maji.

Gari likiwashwa, yeye husimama nyuma, si mbele. Moshi wa bluu unaotoka dakika ya kwanza kisha ukakatika unamwambia kwamba usiku oili ilichuruzika kupitia kwenye gaidi za valvu na kukaa juu ya pistoni. Hilo ni jambo la kuvumilika. Moshi wa bluu unaorudi kila gari linapovuta mzigo unamwonyesha ringi. Mweupe unaochoma macho ni dizeli isiyoungua, na asubuhi ya Julai kule juu hausemi mengi mpaka injini ishike moto. Mweusi unampeleka kwenye ea klina na nozeli. Halafu anaweka kiganja kwenye bomba la kupumulia injini, lile linaloshuka ubavuni kuelekea chini, na anakaa kimya. Pumzi nyepesi na ya kawaida inakubalika. Pumzi inayopiga kiganja kwa mapigo, yenye joto na unyevu wa oili, ni moto wa silinda unaopita pembeni mwa ringi na kushuka chini. Hana mashine ya kupima pumzi hiyo, ila ameigusa kwenye injini nyingi kiasi kwamba kiganja chake kina kipimo chake.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaonyesha fundi anayeliona gari zima wakati mwingine angeona injini tu. Anakwenda kwenye tangi la upepo wa breki, chini ya fremu, anashika kitambaa cheupe, anafungua valvu ya kumwagia maji. Upepo unalia. Kitambaani kinabaki kitu kizito cha kahawia, chenye kunata, mchanganyiko wa maji na oili, kiasi cha kujaza kiganja. Kompresa ya upepo inazungushwa na injini na inalainishwa na oili ya injini. Ringi zake zikiisha, oili inasukumwa pamoja na upepo kwenda kwenye matangi. Hakuna moshi wa bluu utakaouona, hakuna tone litakalodondoka chini ya gari, na dereva ataapa kwamba injini imechoka. Sehemu ya zile lita tatu ilikuwa inakwenda kwenye breki. Oili hiyo huharibu raba za valvu za breki pia, kwa hiyo kitambaa kile kimoja kimefichua matatizo mawili, na moja kati yake ni la uhai wa watu barabarani. Nimewaona mafundi wenye vifaa vya gharama wakishusha injini bila kulifungua tangi la upepo.

Filta ya zamani haitupwi. Mafundi wengi wakitaka kutazama ndani huikata kwa msumeno wa chuma, na unga wa msumeno unaingia kwenye karatasi na kuharibu ushahidi. Mzee huikata kwenye mshono kwa patasi kali, kidogo kidogo, akiizungusha, mpaka kifuniko kinaachia. Anaikunjua karatasi ya ndani kama upepeo juu ya boksi jeupe, anaiacha ichuruzike, kisha anapitisha sumaku chini ya boksi. Chembe zinazosogea zikifuata sumaku ni chuma: ringi, slivu, kamshafti, tapeti. Zisizosogea lakini zinang'aa anazigeuza juani. Za kijivu laini zimetoka kwenye tabaka la juu la metali za konrodi, yaani beringi zake. Zenye wekundu wa shaba ni habari mbaya zaidi, maana tabaka la juu limekwisha na shaba iliyo chini yake imeanza kulika. Kwenye Fuso ninalolizungumzia palikuwa na vumbi la kijivu kidogo, chuma kidogo, shaba hakuna.

Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya oili yanapoanza.

Ile chembe ya ukweli ndani ya “weka nzito” inatokana na jambo lililogunduliwa Uingereza mwaka 1883. Mhandisi Beauchamp Tower alikuwa akichunguza beringi za ekseli za treni, akatoboa tundu juu ya beringi ili aweke kilainishi. Ekseli ilipozunguka, oili ilipanda na kumwagika kupitia tundu lile. Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Alipoweka geji ndipo akaona kwamba ekseli inapozunguka huivuta oili kati yake na beringi na kutengeneza shinikizo la kuubeba mzigo wote, chuma kisiguse chuma. Mwaka 1886 Osborne Reynolds aliandika hesabu zake, na mpaka leo kila kranki inaelea kwa kanuni ile ile. Nafasi inamoelea ni sehemu za mia za milimita, karibu na unene wa unywele. Metali zikilika nafasi hupanuka, oili hutoroka pembeni haraka, na tabaka linalobeba mzigo huwa jembamba. Oili nzito hutoroka polepole zaidi. Muuzaji wa duka hakukosea hapo.

Anapokosea ni kwenye geji. Geji ya presha ya oili inapima ukinzani, haipimi oili kiasi gani imefika inakohitajika. Ukimimina oili nzito sana mshale utapanda na dereva atafurahi, lakini mshale unaweza kupanda kwa sababu oili inashindwa kupita. Oili inatakiwa itoke kwenye sampu, ipite kwenye pampu na filta, iingie kwenye kranki, ipande hadi kwenye roka zilizo juu kabisa, na huko juu ndiko inakofika mwisho. Asubuhi ya baridi ya Makambako, kila sekunde ya kuchelewa ni sekunde ambayo kamshafti na tapeti zinasagana zikiwa na ukungu wa oili ya jana tu. Oili pia ndiyo inayobeba joto kutoka kwenye metali, na inayotembea polepole hubeba joto kidogo. Kwa hiyo unalinda nafasi iliyopanuka kwenye konrodi, huku ukizinyima roka chakula. Fundi anapima pande hizo mbili kwa gari hili, barabara hii na hali ya hewa hii.

Namba kwenye dumu zinamsaidia, ila anazisoma tofauti na tunavyozisoma. Zipo kwa mujibu wa utaratibu wa SAE. Oili ya namba 40, ikiwa na joto la nyuzi 100, lazima iwe na unato kati ya sentistoki 12.5 na 16.3, ya 50 inaanzia hapo hadi 21.9. Namba ya mbele yenye herufi W inahusu baridi: kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyokubali kusukumwa mapema injini ikiwa baridi. Watu wengi wanaamini kwamba ile oili ya namba moja tu, 40 tupu, ni nzito kuliko 15W-40. Injini ikiwa na joto zote mbili ziko ndani ya mipaka ile ile. Tofauti yao iko alfajiri, ambapo 40 tupu hutoka kwenye dumu kwa uvivu unaouona kwa macho. Kwa upande wa pili, 15W-40 hupata uwezo wake wa kufanya kazi baridi na joto kutokana na nyuzi za kemikali zilizochanganywa ndani, na nyuzi hizo hukatikakatika kadiri zinavyosagwa kwenye meno ya pampu na kwenye metali. Inapozeeka huwa nyepesi kidogo kuliko ilivyoandikwa. Hilo Mzee analijua, na analijibu kwa kuimwaga mapema.

Herufi za API ndizo anazozitazama kabla hata ya namba, na mtu akimletea dumu linaloanza na S peke yake analirudisha, kwa kuwa hilo limetengenezwa kwa injini za petroli. C ni ya dizeli, na herufi inayofuata inaonyesha kizazi. Vitabu vya injini kongwe kama hizi huzungumzia CD, daraja lililoanzishwa mwaka 1955. Zikafuata CF-4, halafu CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, CJ-4 miaka minne baadaye, na CK-4 mwishoni mwa 2016. Kwa kawaida mpya inaweza kuchukua nafasi ya ya zamani. Iliyotoka sambamba na CK-4, yaani FA-4, ndiyo ya kuepuka: imetengenezwa iwe nyepesi zaidi kwenye joto kwa ajili ya injini mpya, na kwenye metali zilizopanuka haina kazi. Akiona dumu lina pia JASO DH-1 anaridhika zaidi, maana kipimo hicho kiliwekwa na Wajapani kwa kuzifikiria injini zao za dizeli, na Fuso ni la kwao.

Kwa Fuso kama hili yeye huchagua CI-4, hata pale ya kizazi kipya zaidi inapopatikana kwa bei hiyo hiyo, na ana sababu. Kuanzia CJ-4 watengenezaji walibanwa kwenye kiasi cha majivu ambayo oili inaacha ikiungua, ili isizibe vichujio vya moshi vya malori mapya. Majivu hayo yanatokana na viambato vile vile vinavyosafisha injini na kuua asidi. Fuso hili halina kichujio cha moshi cha kulindwa. Salfa ya dizeli ikiungua hutengeneza asidi inayokwenda kula slivu na metali, na kinachoizima ni akiba ya alkali iliyomo kwenye oili. Tangu mwaka 2015 kikomo cha salfa kwenye dizeli ya Afrika Mashariki ni sehemu 50 kwa milioni, na hilo limezisaidia sana injini kongwe, lakini lori la safari ndefu hujaza popote usiku unapolikuta, na dizeli ya dumu la kando ya barabara haina cheti. Akiba ya alkali anaiona kama bima. Haitaki ipunguzwe kwa ajili ya kifaa ambacho gari halina.

Basi akaamua: 15W-40, CI-4. Dereva alitarajia 20W-50, na alishangaa kidogo. Sababu zilikuwa zimeshalala kwenye boksi na kwenye kitambaa. Vumbi la shaba halikuwepo. Presha aliipima kwa geji yake ya mkono baada ya injini kuchemka vizuri, kwa sababu haiamini ile ya kwenye dashibodi, na ilikuwa inashikilia hata kwenye mzunguko wa chini. Kompresa ilikuwa imeeleza sehemu ya oili iliyopotea. Injini hii ilikuwa haijafika mahali pa kuhitaji nzito, na kuipa nzito mapema ni kujinyima hatua ya baadaye. Mtu anayeanza na 50 leo, mwakani ataweka nini? Lori la aina hii hii linaloishi Morogoro na Chalinze, lisiloiona baridi, na lenye presha inayoshuka kila likichemka, angelipa 20W-50 bila wasiwasi, mradi dumu lina herufi za dizeli.

Vichupa vya kuongeza vinavyoahidi kukata moshi havikubali. Ndani yake mara nyingi ni nyuzi zile zile za kuongeza unato, kwa wingi, bila kitu cha kusafisha, na zinaharibu uwiano ambao wakemia walihangaika kuupata. Sili ya nyuma ya kranki ilikuwa inavuja kidogo, raba yake imekauka kwa miaka. Zipo oili zilizotengenezwa kwa injini zilizotembea sana, zenye viambato vya kuilainisha raba na kuivimbisha kidogo, na kwa magari madogo zinasaidia. Kwa Fuso aliona ni bora kungoja: sili yenyewe ni bei ndogo, kazi ni kushusha giaboksi, na klachi ilikuwa imebakiza miezi. Sili na klachi vitafanywa pamoja. Kuacha kitu kilichoharibika kwa makusudi, ukijua utakirudia lini, ni ujuzi ambao vijana wake wanachelewa kuupata kuliko wote.

Kununua nako kuna ustadi wake, kwa kuwa oili bandia ipo na inafungwa vizuri. Hapimi kwa jicho wala kwa kidole, na hilo namheshimu kwalo. Zinki inayolinda kamshafti na tapeti, akiba ya alkali, vishika masizi, vyote havina harufu wala rangi ambayo fundi anaweza kuitambua ndani ya dumu jipya. Anachoweza kukijua ni njia ambayo dumu limepita. Hununua kwa wakala mmoja, hukagua lakiri na namba ya toleo iliyochapwa, hakubali oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lililo wazi. Akimaliza kumimina, kijana wake hulitoboa dumu tupu kwa msumari pande mbili kabla halijatoka uwanjani, lisije likajazwa oili chafu na kurudi dukani.

Injini iliyoishi kwa oili ya zamani ina tope ndani, limeshikamana kwenye kuta na chini ya kifuniko cha valvu. CI-4 inapoingia huanza kulibomoa. Kwa hiyo umwagaji wa kwanza haungoji kilomita 5,000 zake za kawaida. Baada ya safari moja ya Dar gari hurudi kwake, filta inabadilishwa na kufunguliwa, na kama imejaa uchafu mweusi oili nayo inamwagwa. Tajiri hulalamika kuhusu gharama, na kila mara Mzee anamwonyesha filta iliyofunguliwa badala ya kubishana naye. Baada ya hapo muda wa kumwaga hauamuliwi na kilomita peke yake. Njiani utingo amefundishwa kudondosha tone moja la oili ya moto kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, kuandika tarehe pembeni na kuliacha mpaka kesho yake. Tone likisambaa kwa weusi ulio sawa hadi pembezoni, oili bado inayashika masizi. Likiacha kitovu cheusi tititi chenye ukingo mkali na pete nyepesi nje yake, imechoka. Pete pana inayotangulia mbali ni dizeli. Karatasi hizo zimebandikwa kwa gundi ndani ya mlango wa kontena, moja chini ya nyingine, na ukisimama mbele yake unaisoma historia ya lori kuliko unavyoweza kuisoma kwenye kitabu chochote cha matengenezo.

Lita tatu zilishuka hadi moja na kitu baada ya kompresa kufanyiwa kazi. Kiasi hicho kwa injini ya rika lile Mzee hakioni kuwa ugonjwa. Anaonya tu kwamba dumu la kuongezea liwe la oili ile ile, likae ndani ya kabini, na kwamba utingo angoje dakika kumi baada ya kuzima kabla ya kupima, oili ipate muda wa kushuka kutoka juu.

Oili ina mpaka wake na yeye ndiye wa kwanza kuutaja. Shaba ikionekana kwenye karatasi ya filta, au pumzi ya lile bomba ikianza kupiga kiganja hata gari likiwa tupu, atamwita tajiri na kumwambia injini ishushwe msimu wa viazi ukiisha. Zitaingia slivu, pistoni, ringi na metali mpya. Oili itakuwa 15W-40 ya kawaida, na kwa kilomita elfu moja za kwanza atataka lori lipakie mzigo wa wastani, lisiende tupu, kwa sababu ringi mpya huhitaji msukumo ili zikae vizuri kwenye ukuta wa silinda. Kisha oili yote itamwagwa, hata kama bado inavutika vizuri kati ya vidole.